Mfupa Ndani ya Supu ya Mzazi

Chuoni, kule pwani, tulikuwa na mwalimu mmoja aliyependa kututega. Siku moja aliuliza: nchi isiyo na hata tone la bahari ina haki gani ya kusema lolote kuhusu nyangumi? Tulicheka, tukasema haina. Naye akatuambia kwamba zipo nchi za namna hiyo, nchi za milima na nchi za jangwa, zinazokaa meza moja na wenye bahari na kupiga kura nyangumi avuliwe au asivuliwe. Wenzangu walilisahau somo lile kabla ya chakula cha mchana. Mimi lilinikaa. Nilikuwa mtoto wa Singida, nimekulia kwenye miamba na alizeti, bahari yenyewe nimeiona nikiwa mtu mzima, halafu naambiwa kwamba hata mtu wa bara ana kauli juu ya mnyama wa kilindini. Nilitembea na furaha hiyo wiki nzima.

Ndiyo maana barua ya kupangiwa kazi ilipofika, nikasoma kwamba narudishwa Singida, tena Mkiwa, nililia kwa hasira. Mkiwa ni njia panda. Magari ya Dodoma na ya Singida mjini yanapita, ya Itigi yanakata kona, abiria wanashuka kununua kuku na asali, wanapanda, wanakwenda zao. Maji ya kuoga ni ya kubania. Na mimi ni afisa uvuvi. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wakulima wachache kuchimba mabwawa na kufuga perege na kambare, na mabwawa mengi yalikauka kabla perege hajafika ukubwa wa kiganja. Vijana wa bodaboda waliponiona natoka ofisini walikuwa wananiuliza, "Afisa, leo nyangumi wangapi?" Nami nawajibu, "Watatu, na mmoja anakutafuta wewe." Tunacheka wote. Nikifika nyumbani nanuna.

Nilikuwa na faili langu la bluu nililotoka nalo chuoni, na sikulipeleka ofisini, nililiweka chumbani chini ya nguo. Ndani yake kulikuwa na sheria yetu ya uvuvi na kanuni zake, ambazo juu ya jambo hili haziumi maneno: pomboo, nyangumi na nguva hawavuliwi, hawauawi, hawauzwi, hawawekwi hata nyumbani. Kulikuwa na mikataba ambayo nchi yetu imeingia pamoja na wengine: wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, wa wanyama wanaohama nchi hadi nchi, na wa nchi za pwani yetu hii ya mashariki ya Afrika. Kulikuwa pia na makubaliano ya kusimamisha uvuvi wa nyangumi wa kibiashara, na yale yaliyoifanya Bahari ya Hindi kuwa mahali ambapo mnyama huyo haguswi kwa ajili ya soko. Sababu ya yote hayo ni nyepesi, mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Mnyama huyu hajui mpaka. Leo yuko kwetu, kesho yuko Msumbiji, na wa Msumbiji wakimtunza mwaka mzima, sisi tukimuua siku moja, kazi yao imekuwa bure. Niliyapenda makaratasi yale kuliko afya. Nilikuwa nayasoma kama wengine wanavyosoma barua za wachumba.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba niliyopanga, aliishi mama mmoja mjane, Mnyaturu wa vijiji vya Ikungi, aliyeuza samaki wakavu. Alikuwa na meza ya mbao, turubai juu, na magunia mawili nyuma yake: moja la ng'onda, moja la papa. Magunia hayo aliletewa na dereva wa lori aliyetoka nayo pwani. Mwenyewe bahari hakuwahi kuiona. Siku moja aliniuliza, "Eti yale maji hayanyweki?" Nikamwambia hayanyweki, ni chumvi tupu. Akatikisa kichwa. "Sasa Mungu aliyaweka mengi vile ya nini?" Nilimpenda tangu siku ile. Ndiye aliyenifundisha nani pale njia panda wa kukopeshana naye chumvi na nani wa kusalimiana naye tu.

Alikuwa na desturi yake. Mama yake mzazi alikuwa mtu wa mizinga, na kila mzinga ulipofunguliwa, sega la kwanza lilipelekwa kwa mwanamke aliyejifungua jirani, kabla mtu mwingine hajaonja. Binti hakurithi mizinga, alirithi desturi. Gunia la papa likifunguliwa na kuna mzazi pale mtaani, kipande cha kwanza kilikuwa cha mzazi. Ungeweza kusimama mbele yake na hela mkononi, angekuambia subiri kwanza, avuke barabara, apeleke, arudi, ndipo akuuzie.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mume wangu akiwa mbali kikazi, mama mkwe wangu alikuja kutoka Kinyangiri kunilea. Siku ya tano au ya sita tukasikia hodi.

"Shikamoo mama," nilisema, nikataka kuinuka.

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo hapo, mzazi hainuki." Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti. "Gunia nimelifungua sasa hivi. Hiki chako, cha tumboni. Mchemshie na ndimu, mama," alimwambia mama mkwe wangu, "maziwa yatamwagika mpaka mtoto akimbie."

Nilikunywa supu ile mabakuli mawili jioni, na moja asubuhi. Ilikuwa na mafuta mengi, nzito, tamu. Maziwa yalikuja kweli, kanga zililowa. Mama mkwe wangu alipokuwa anakwangua sufuria ndipo akakuta mfupa.

Mama mkwe wangu ni mtu wa ng'ombe. Samaki hamjui, lakini mfupa anaujua. Aliusogeza dirishani, akaugeuza, akaupitisha kidole.

"Papa ana ubavu?" aliniuliza.

"Hana, mama. Papa ni gegedu mwili mzima, mfupa hana."

"Basi huyu si papa. Huu ni ubavu wa mnyama aliyenyonya."

Niliinuka kitandani, mzazi hainuki lakini niliinuka, nikaenda kutazama kipande kilichobaki kwenye gazeti. Chini ya ngozi kulikuwa na utando wa mafuta mnene kama kidole. Nyama yake ilikuwa nyeusi, rangi ya ini. Niliwahi kuiona. Tukiwa chuoni, pomboo jike alikuwa ametupwa na maji ufukweni, na mwalimu wetu alimpasua mbele yetu, akatuonyesha mbavu, mapafu, na mwisho akaminya chini ya tumbo, yakatoka maziwa mazito kama samli. Mmoja wetu alitapika. Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari.

Ningependa kusema kwamba nilipogundua nimekula pomboo nilisikitika. Nilifurahi. Lazima niseme hivyo kwa sababu kila kilichofuata kilitoka humo. Miaka yote ya mabwawa makavu na utani wa bodaboda, na sasa sheria iliyokuwa chini ya nguo zangu ilikuwa imenifuata mpaka kitandani. Nilimpa mama mkwe mtoto, nikatoa faili la bluu.

"Unafanya nini?" aliniuliza.

"Naandika ripoti."

"Ripoti ya nini? Vuka barabara ukamwambie mwenzio. Hajui huyo alichouziwa."

"Mama, hili si jambo la kwenda kuambiana. Hili ni la kimataifa."

"Na hilo la kimataifa limeingia jikoni kwako kwa mkono wa nani?"

Nilijiambia kwamba niko ndani ya arobaini, mzazi havuki barabara kwenda kukaa kwenye meza za watu. Lakini siku mbili baadaye, kwenda kituo cha mabasi kutuma bahasha na kifurushi cha kile kipande kilichobaki kwa wakubwa wangu, nilitoka, nimejifunga kanga mbili na kilemba, nikapita mbele ya meza yake. Alinipigia kelele nirudi ndani nisipigwe na upepo.

Ripoti ile ilikuwa kurasa tano, na mpaka leo sijaandika kitu kizuri kuliko hicho. Nilianza na Bahari ya Hindi, nikashuka kwenye mikataba mmoja mmoja, nikaingia kwenye sheria yetu, nikaeleza mfupa na gegedu, mafuta na rangi ya nyama. Jina la muuzaji niliandika. Kuhusu sampuli niliandika kwamba "kipande kimepatikana kwa muuzaji", na hakuna neno hata moja la uongo katika sentensi hiyo. Sikuandika kwamba nilipewa. Sikuandika kwamba nililetewa kwa sababu nimezaa. Sikuandika kwamba nusu yake niliila, ingawa kwa sheria ile ile niliyoinakili kwa mkono wangu mtu wa kwanza kukutwa nacho nilikuwa mimi. Na dereva wa lori, ambaye ndiye angeweza kuwapeleka watu mpaka kwenye chombo na wavu, sikumwandika kabisa, kwa kuwa sikujua jina lake wala gari lake. Kumjua ilitakiwa nimuulize mama yule, na kumuuliza ilitakiwa nivuke barabara.

Kazi yangu ni ugani. Mtu wa ugani analipwa kufundisha kwanza. Hilo nalo nalijua tangu chuoni, nalo lilikuwa kwenye faili.

Hazikupita wiki mbili wakaja. Nilikuwa nanyonyesha, nimekaa nyuma ya pazia. Gari lilisimama kwenye meza yake, wakamwonyesha karatasi ambayo hakuweza kuisoma, wakatoa magunia yote mawili, na ng'onda wasio na hatia wakiwamo, wakayamwaga pembeni ya barabara, wakayatia moto. Moshi ulikuwa mweusi, wa mafuta, ukaenda juu sana. Mabasi yalipunguza mwendo ili abiria watazame. Malori nayo yalipunguza mwendo. Mama yule alisimama ameweka mikono kichwani, kisha wakampandisha garini wakaenda naye. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimchukua mtoto mgongoni kwake akatoka uani.

Mama wa samaki alikaa huko walikompeleka siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alishuka kwenye basi, na kabla hajaingia kwake alibisha hodi kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana na nilitamani anitukane. Kumbe alikuwa ameshika karatasi.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wetu wa samaki serikalini. Nisomee hii, unieleze kosa langu."

Nikamsomea. Mungu wangu, nilimsomea, mama mkwe wangu amekaa pale kwenye mkeka anachambua mchele, hainui macho. Nilimweleza pomboo ni nani, kwamba anavuta pumzi kama sisi, kwamba anazaa mtoto mmoja kwa miaka mingi, kwamba nchi nyingi zimekubaliana kwa pamoja asiguswe. Nilieleza vizuri. Ndiyo elimu ambayo ningempa wiki mbili nyuma, bure, kwenye meza yake, magunia yakiwa salama.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ananyonyesha?" aliuliza.

"Ananyonyesha, mama."

Alikunja karatasi. "Basi wana haki. Kama ananyonyesha wana haki." Kisha akasema, "Ila wangeniambia tu. Dereva angekuja Jumanne na gunia lake, ningemrudishia mbele ya watu, ningemtukana yeye na ukoo wake. Na wao wangekuwa wamekaa hapo nyuma wanamsubiri."

Dereva hakuja Jumanne. Hakuja tena kamwe. Mama yule aliwaeleza gari lilivyo na rangi yake, lakini moshi ule ulikuwa umeonwa na kila mwenye usukani kwenye barabara ile, na habari za njiani zinakwenda mbio kuliko malori. Kile kipande kilipelekwa kwa wataalamu kupimwa, na majibu sijayaona mpaka leo. Kesi haikuendelea. Walimpa onyo, wakamwachia.

Lakini biashara yake ilikuwa imekufa. Watu wa njia panda hawakuelewa habari ya mikataba, waliona moto. Wakasema alikuwa anawalisha nyama ya jini wa baharini, wengine wakasema nyama ya mtu. Wanawake aliowapelekea kipande cha kwanza, waliokula na kulamba vidole, walianza kukumbuka kwamba watoto wao waliugua. Aliweka tena meza, akaweka dagaa wa ziwani, hakuna aliyesimama. Kabla ya mvua alifunga turubai lake akaenda Itigi kwa mdogo wake wa kiume. Nilimsaidia kubeba sufuria mpaka kwenye gari. Alinishukuru.

Mimi niliitwa kwenye semina. Ripoti yangu ilikuwa imezunguka, wakataka kumwona huyo afisa wa bara aliyemgundua pomboo mahali pasipo na maji. Nilisimama mbele ya watu wa pwani nikasoma kurasa zangu, wakapiga makofi. Wakati wa chai mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba pomboo wengi huko kwao hawawindwi, wananasa kwenye nyavu zilizotegewa samaki wengine, wanakufa kwa kukosa hewa, na mvuvi maskini haoni sababu ya kutupa nyama. "Ukimpata muuzaji wa mwisho umepata mkia," alisema. "Wewe ulifika wapi baada ya yule muuzaji?" Nikamwambia uchunguzi unaendelea.

Nataka nieleweke. Sheria ile naiamini leo kuliko jana. Pomboo yule alikuwa na haki ya kuishi, na makubaliano ya watu wengi waliokaa na kusema huyu tumwache ni jambo jema ambalo wanadamu wamelifanya, na si mengi. Sheria haikukosea. Mkataba wa watu mbali mbali unasimama kwa sababu kila mmoja anakubali kumwambia mwenzake ukweli wa kwake, na mimi niliyeujua kwa moyo nilishindwa kumwambia jirani wa ng'ambo ya barabara, aliye hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu.

Mtoto alipoanza shule, nilikata shauri. Nilipanda gari la Itigi asubuhi, na njia nzima, vichaka vile vinapita dirishani, nilikuwa napanga maneno. Nilianza na "Mama, nisamehe", nikaona jepesi. Nikaanza na "Mama, ni mimi." Nikaona hilo ndilo. Nililirudia mpaka stesheni.

Anauza chai na vitumbua kwa wasafiri wa treni. Amekonda. Aliponiona aliacha birika akanikumbatia. "Mzazi wangu!" alisema, kama vile bado niko ndani ya arobaini. Nikamwamkia, akaniketisha kwenye benchi, akanimiminia chai, akauliza habari za mtoto, kimo chake, meno yake. Nikajibu. Nikaweka kikombe chini, nikafungua mdomo.

"Ngoja kwanza nikwambie," alisema, "maana siku zote nilitaka kukwambia na sikupata nafasi. Kule walikonipeleka walinionyesha kile kipande. Nikakitambua. Ni mimi niliyekikata, kile cha mzazi, wateja siwakatii vile. Wakaniuliza nilimpa nani. Wakaniambia nikisema nani, mambo yangu yatakuwa mepesi."

Nilimuuliza aliwajibu nini.

"Nikasema sijampa mtu. Wakaniambia mimi mwongo, nikalala siku ya pili. Nilifikiri, huyu mtoto ana kichanga, ana kazi ya serikali, tena ya samaki. Wakijua naye alikula watamfukuza. Nikanyamaza." Alipangusa benchi kwa kanga, mahali palipokuwa safi. "Ila niliumia kwa ajili yako. Nilijua nyumbani kwako kuna mtu aliyekichukua kile kipande jikoni akakipeleka. Na mle ndani mlikuwa wawili tu. Siku ile nilipoleta karatasi nilitaka nikunong'oneze ujihadhari, nikamkuta amekaa pale na mchele wake, hata kunitazama hawezi."

Treni ilikuwa haijafika. Watu walikuwa wanasogea na mizigo yao, mmoja akadai kitumbua, akampa. Nilikuwa na neno langu mdomoni, maneno mawili tu, na palikuwa na nafasi ya kuyasema mara kumi. Mama mkwe wangu yuko hai, yuko Kinyangiri na ng'ombe wake, na kila nikienda kumsalimu ananiuliza habari za mama wa samaki.

"Nilishamsamehe," alisema mama yule. "Mtu mzima, huenda aliogopa. Kila nikisali namtaja, Mungu naye amsamehe mama mkwe wako."

Alinitazama, akisubiri, kama mtu anavyosubiriwa baada ya dua.

Nikasema, "Amina, mama."